Nilisema Mama Anaumwa

Michenga, Ijumaa alasiri, mwezi wa nne 1956

Mvua imekatika saa nane mchana lakini jua halikutoka. Mawingu yamelala juu ya milima, na huku bondeni kila kitu kina rangi ya matope. Nimechoka mwili mzima ingawa leo sijafanya kazi yoyote.

Sijaandika humu kwa zaidi ya mwezi. Nilikuwa naliona daftari mezani na kulipita. Leo nitaandika mambo yalivyokwenda, bila kujipendelea.

Huu ni mwaka wangu wa nne katika kliniki hii ya vyumba viwili. Mkunga ni mimi peke yangu. Nipo na Mama Yustina, anayefagia, kuchemsha maji na kupokea watu mlangoni. Kusoma hajui, na si kosa lake. Kiangazi, dresa wa Ifakara, yaani mganga msaidizi, huja kututazama mara moja kwa wiki. Masika, maji yakishameza barabara, haji kabisa. Hapo mimi ndiye mkunga, ndiye dresa, na mara mbili nimekuwa padre pia, maana nimebatiza watoto wawili ambao niliona hawatafika asubuhi.

Nimeandika barua tatu kuomba msaidizi. Nimeomba mtumbwi wa kliniki. Majibu yalikuja, yote ya adabu.

Nilichoka.

Sikuchoka kuzalisha. Kazi hiyo naipenda mpaka leo. Nilichoka kuwa peke yangu wakati wa kuamua. Mwanamke anabadilika rangi mbele yako, na hakuna mwenzako wa kumgeukia umuulize, wewe unaonaje? Baada ya hapo unakwenda kulala na maswali yako, na kesho watu wanakuamkia kwa heshima kana kwamba unajua kila kitu.

Kwa hiyo mwaka jana nikaanza kutafuta kazi kwingine, kwa siri.

Mara ya kwanza niliitwa Morogoro. Hapa nikasema nakwenda kung'oa jino. Sikujibiwa hata leo. Mara ya pili nikasema dada yangu anaolewa, nikaenda kuhojiwa na mama mmoja wa Kizungu aliyeniuliza kama nina mchumba. Nilipojibu sina, akauliza nikimpata itakuwaje. Sikujua ni jibu gani alilotaka. Kazi akapewa mwingine.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, hospitali ya shamba la mkonge upande wa Kilosa. Safari hii nikasema mama anaumwa.

Mama yangu yuko Mahenge. Ni mzima kabisa, analima, na hajui kwamba nilimuuguza kwa mdomo ili nipate ruhusa. Bwana dresa mkuu wa Ifakara alitia sahihi palepale, bila kuuliza hata anaumwa nini. "Nenda mwanangu," alisema. "Mama ni mama." Akanipa ruhusa kuanzia Jumamosi, nirudi kazini Jumanne asubuhi.

Kabla sijaondoka nilipita kwa Anjelina. Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Anjelina alikuwa mke wa Paskali, mvuvi, na walikaa kwa mama yake Anjelina, Bi Teresia. Mtoto wake wa kwanza alimzalia nyumbani kwa mikono ya wakunga wa kienyeji, na mtoto hakulia. Alipopata mimba ya pili nilimfuata mwenyewe. Nilikwenda mara nne, nikakaa nao jikoni, nikamwambia safari hii usizalie nyumbani, njoo kwangu, hata kama ni kwa mtumbwi, hata kama ni usiku. Bi Teresia hakuniamini upesi. Mwishowe alikubali.

Jumamosi ile nilimpima Anjelina nikaona bado wiki mbili. Nikamwambia Jumanne nitakuwa nimerudi, asiwe na wasiwasi. Alicheka, akaniambia nimsalimie mama. Bi Teresia alinifungia kambale wa kukausha wawili kwenye jani la mgomba, nimpelekee mgonjwa.

Niliwapokea. Nikawabeba hadi Kilosa, nikawala mimi.

Kwenye usaili walikuwa watatu nyuma ya meza: daktari Mzungu, matroni, na karani Mwafrika wa kutafsiri, ingawa matroni alijua Kiswahili vizuri. Chumba kilikuwa na sakafu ya kung'aa na taa za umeme. Nilijibu vizuri. Walinipa mtoto wa mti nionyeshe nitakavyomgeuza, nikamgeuza. Waliniuliza kwa nini nataka kuacha kazi niliyo nayo, nikasema nataka kujifunza zaidi. Daktari akaandika. Nikaona yule karani ananitazama kwa kunitakia heri.

Kisha matroni akauliza, kwa upole tu, nani amebaki kule kwangu leo.

"Yupo msaidizi," nikasema.

Akaridhika. Msaidizi mwenyewe ni Mama Yustina na ufagio wake.

Jumatatu jioni nikapata lori la mizigo linalorudi Ifakara. Mvua ilinyesha njia nzima. Jumanne asubuhi tulifika Sanje tukakuta kijito kimevunja daraja la magogo, na maji yanapita juu yake kama hakujawahi kuwa na daraja. Dereva akazima gari, akasema hapa tunalala. Tukalala Jumanne, tukalala na Jumatano.

Nitaandika na hili, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Pale Sanje nilifurahi. Nilipokewa na mama mmoja mwenye migomba mingi, akanipa ndizi za kuchoma, na mchana wa Jumanne tulikaa jikoni kwake nikamsimulia kuhusu zile taa za umeme na wakunga sita wanaopokezana zamu. Sita! Yeye alisema nitanenepa huko. Tukacheka sana. Sikumbuki lini nilikuwa nimecheka hivyo.

Mchana huo huo Anjelina alikuwa kitandani kwangu.

Uchungu ulimshika Jumanne alfajiri, kabla ya hesabu yangu. Wakamleta kliniki kama nilivyowaagiza. Mama Yustina akawaambia nesi anarudi leo, maana ndivyo nilivyomwambia. Wakangoja. Paskali alitaka kumpeleka Ifakara kwa mtumbwi mapema. Bi Teresia ndiye aliyekataa, akasema nesi amesema Jumanne, na nesi huyu akisema huwa anafanya.

Mtoto alitoka saa saba mchana, wa kike, analia vizuri. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ikaanza na haikusimama. Mama Yustina alifanya alichoweza, akamkanda tumbo, akamtafuta bibi mmoja anayejua mizizi. Dawa ya kusimamisha damu ipo hapa kliniki, chupa ndogo sita na sindano yake. Zilikuwa kabatini. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu Sanje.

Alasiri wakampakia mtumbwini. Alikata roho kabla hawajaona mapaa ya Ifakara.

Mimi nilifika Alhamisi, viatu mkononi, na barua ya shukrani ya lile shamba mfukoni. Walikuwa wamemzika jana yake. Mama Yustina alinipokea gatini akaniambia yote tukiwa tumesimama majini. Alipomaliza akasema, "Pole mwanangu. Nawe ulikuwa na mgonjwa wako."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, na mtu aliyenipenda mbele yangu. Nikasema asante.

Nilikwenda msibani. Bi Teresia alinyanyuka kwenye mkeka, mwanamke aliyemzika mtoto wake jana, akanikumbatia, akaniuliza, "Mama yako anaendeleaje?"

"Ana nafuu," nikasema.

"Mungu ni mwema," akasema. "Angetuchukulia wote wawili."

Nilikaa pale hadi jioni. Watu waliniletea chai kwa sababu nimetoka safari ya ugonjwa.

Toka hapo nimekuwa nikienda kumtazama mtoto. Wamempa jina la mama yake. Anakunywa maziwa ya unga ya kopo, ambayo Paskali huyafuata Ifakara, na mimi nimemfundisha Bi Teresia kuchemsha chupa. Kila nikienda lazima aulize habari za mama. Na kila akiuliza nimekuwa nikimponya mama kidogo kidogo. Leo amekaa kitako. Leo amekula uji. Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuja bila shida.

Jumatatu ya wiki hii Paskali alirudi kutoka Ifakara na kopo la maziwa na barua yangu. Alipita posta kuniulizia bila kuagizwa. Alinipa ile bahasha kwa mikono miwili.

"Nesi, nadhani ni habari za mama," akasema. Kisha hakuondoka. Alisimama pale ngazini, maji yanamchuruzika, anangoja kusikia.

Nikaifungua. Ilikuwa barua ya Kilosa. Wamenichukua. Nianze mwezi wa sita, nyumba ipo, nijibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

"Wanasemaje?"

Nilitazama ile karatasi, nikamwambia mama amepona.

Paskali akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba. Akasema, "Afadhali. Afadhali hata mmoja," akaenda zake na maziwa ya mtoto.

Niliingia ndani nikaketi na ile barua mapajani.

Miezi kumi nimeitafuta kazi hiyo. Nilipokuwa nikijilaza hapa peke yangu na popo darini, nilikuwa najiambia ikija barua nitaimba. Ilikuja nikashindwa hata kuikunja. Jumanne sikula. Jumatano, baada ya chakula cha mchana, nikaenda kwao.

Bi Teresia alikuwa anamenya mihogo. Paskali alikaa upande wa pili wa uwanja akisuka mgono wa kuvulia samaki. Nikapewa mtoto kama kawaida, nikamweka mapajani. Ameongezeka mashavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Paskali ametuambia habari njema. Mama amepona kabisa?"

"Mama hakuumwa," nikasema.

Akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Mama yangu hakuumwa. Sikwenda kwa mama. Nilidanganya. Nilikwenda Kilosa kutafuta kazi."

Kisu kilisimama kwenye muhogo. "Kazi gani? Si unayo kazi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, kuhusu upweke, kuhusu barua tatu nilizoandika. Mbele yake yote yalikuwa ya kitoto.

Paskali alikuja karibu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Jumanne ile ulikuwa wapi?"

"Sanje. Njia ilikatika."

"Usingesafiri ungekuwepo hapa?"

"Ningekuwepo."

"Na dawa ya damu ilikuwepo?"

Nikamwambia ilikuwepo, kabatini, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

"Kabati lipi?"

"Lile la mbao. La kichwani pa kitanda."

Kisha akasema, "Nilikuwa nimeliegemea. Nilikaa pale mchana mzima nimeliegemea, namshika mkono." Akaendelea, "Mlango wake mwembamba ule. Ningeuvunja kwa teke moja. Kwa nini hamkuniambia kuna dawa?"

Mama Yustina asingemwambia. Hajui kilichomo. Sikuwahi kumwonyesha, kwa sababu kanuni inasema dawa za sindano ni za mkunga peke yake, na kwa sababu, niseme tu, nilipenda kuwa mimi pekee ninayejua.

Bi Teresia alifuta mikono kwenye kanga, akanyanyuka, akamchukua mtoto mapajani mwangu. Alimchukua taratibu, kwa uangalifu, asije akaamka.

"Nimemwombea mama yako," akasema. "Kila jioni kwenye rozari nilianza na mama yako, ndipo namtaja Anjelina."

Akaingia ndani na mtoto. Paskali akarudi kwenye mgono wake, lakini hakuwa anasuka, alikuwa ameushika tu. Nikangoja waniambie niondoke. Hawakuniambia. Nikaondoka.

Njiani nilitegemea nitajisikia mwepesi. Kanisani tunaambiwa hivyo, kwamba ukitubu mzigo unashuka. Labda ni kweli kwa makosa mengine.

Jana niliandika barua mbili. Ya kwanza ni ya Kilosa, kukataa kazi. Nisijisifu kwa hilo. Sikuikataa kwa wema. Nilijiona nimesimama chini ya zile taa kati ya wakunga sita, mmoja wao ananiuliza nimetoka wapi na kwa nini niliondoka, nikaona sitaweza kukaa huko hata wiki. Ya pili ni ya bwana dresa mkuu, na humo nimesema kweli yote, safari zote tatu. Anaweza kunifukuza. Akinifukuza sitabisha. Akiniacha, sijui nitabaki kuwa mtu wa namna gani.

Mama Yustina amezipeleka zote mbili leo asubuhi. Kabla hajapanda mtumbwi nilimwonyesha kabati. Nilimwonyesha chupa, rangi yake, sindano, na jinsi ya kuhesabu kipimo. Alisikiliza, akarudia kila kitu bila kukosea hata kimoja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha akaniuliza kama angeweza kujifunza hayo tangu mwaka wa kwanza.

Nikamwambia angeweza.

Alikaza kanga yake akaenda.

Leo ni siku ya wajawazito. Huwa wanakuja kumi na wawili, kumi na watano, hata masika, wanakaa kwenye benchi la ukumbini wakisukana nywele na kunicheka Kipogoro changu cha mlimani. Nilifungua saa moja. Nilipanga kadi. Nilichemsha maji mwenyewe. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne naona mitumbwi miwili imepita na wanawake ndani, imeelekea Ifakara. Walinipungia mkono. Hawakuwa na ubaya wowote.

Saa tano na nusu akaja Rozina. Ni mimba yake ya kwanza, ana miezi minane, na nyumba yao haiko mbali. Alisimama ngazi ya chini, maji yakimfika kifundoni, asipande. Mama mkwe wake alikuwa nyuma yake na furushi kichwani.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba. Pita ndani nikupime."

Hakupita. Alichezea ncha ya kitenge chake, akauliza kwa sauti ndogo, "Nesi, siku yangu ikifika, utakuwepo?"

Nilitaka kusema mengi. Kwamba nimekataa kazi ya Kilosa. Kwamba siendi popote. Nikakumbuka barua iliyo njiani kwenda kwa bwana dresa mkuu, na kwamba huenda kabla ya mwezi kwisha nikaambiwa nifungashe.

"Nikiwepo kazini, nitakuwepo," nikasema. "Lakini sijui kama wataniacha."

Ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyomjibu mtu yeyote mwaka huu, na niliona jinsi lilivyomtisha. Alimgeukia mama mkwe wake. Yule mama akasema wana ndugu Lipangalala, watakaa huko hadi ajifungue, ni karibu na hospitali. Akaniomba radhi, kana kwamba wao ndio waliokosa.

Nikampa Rozina kadi yake, nikamwonyesha pa kuwaonyesha wakimuuliza tarehe. Nikamwambia mtoto amekaa vizuri, kichwa chini, asiogope. Akanishukuru. Wakaenda gatini, mama mkwe amemshika mkono asiteleze, nami nikawatazama hadi mtumbwi ulipoingia kwenye matete.

Alifanya sawa. Angekuwa mdogo wangu, mimi mwenyewe ningemwambia aende.

Sasa naandika na mvua inaanza tena. Sina sala leo. Nilijaribu rozari nikashindwa kupita jina la kwanza, la Anjelina.

Ijumaa ijayo, kama watakuwa hawajaniondoa, nitafungua saa moja. Nitapanga kadi. Nitakaa hapa hadi jioni, hata kama benchi litakuwa tupu.